Dole Gumba la Mzee Tokuji

Mara ya kwanza mguu wa kulia wa Ryosei ulipoteleza, Chizuru alijiambia ni barafu. Ulipoteleza mara ya pili, palepale, kwa namna ileile, akajua si barafu.

Zilikuwa dakika sita za kupasha mwili moto kabla ya kundi la mwisho la wachezaji wa kuteleza barafuni kushindana. Vijana sita walikuwa wakizunguka uwanjani kwa pamoja, na watu elfu sita wamejaa jukwaani na mablanketi yao magotini. Ryosei alirudi kinyumenyume, akaruka, akazunguka hewani mara nne, akatua kwa mguu wa kulia. Badala ya kisu cha kiatu kushika barafu, kikamponyoka. Akagusa chini kwa mkono, akainuka upesi, akacheka na nafsi yake kama watu wanavyocheka mbele ya wageni. Kisha akainua mguu, akaupangusa unyayo wa kisu kwa vidole na kukitazama. Jukwaani watu walimpigia makofi ya kumtia moyo. Chizuru hakupiga. 

Mtu asikudanganye kwamba kisu cha kiatu cha barafu ni kisu kimoja. Kina kingo mbili, ya ndani na ya nje, na kati yake kifereji chembamba. Kingo hizo zisipolingana, hata kwa unene wa unywele, mchezaji anayetua kutoka juu kwa kasi ile atakuta hana pa kusimama. Chizuru aliyajua hayo vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa jukwaani siku hiyo, kwa sababu visu vile alivinoa yeye mwenyewe siku ya Jumanne, kwa mikono yake, na kingo zake alizipima mara tatu. Jumanne vilikuwa sawa. Sasa ilikuwa Jumamosi, na cha kulia hakikuwa sawa.

Ila Ryosei hakujua kwamba Chizuru ndiye anayenoa. Hakuna aliyejua. Mji mzima wa Hachinohe, na miji yote ya kaskazini mwa Japani inayolea wachezaji wa barafu, iliamini kwamba visu vinavyotoka katika kile kiduka kidogo nyuma ya soko la samaki vimepita chini ya mkono wa Mzee Tokuji, baba yake. Na kweli vilipita, kwa miaka thelathini na minne. Kisha kiza kikaanza katikati ya macho ya mzee, kidogo kidogo, hadi akabaki anaona ukungu wa pembeni tu. Daktari akasema hakuna la kufanya. Mzee alirudi nyumbani siku hiyo, akakaa kwenye kigoda chake cha kazi mpaka giza likaingia, na Chizuru akashindwa kumwona baba yake hivyo. Asubuhi yake akavaa aproni ya mzee, akawasha mashine ya jiwe la kunolea. Miaka mitatu sasa. Mzee anapokea viatu mbele, anapiga soga na wateja, na binti yuko nyuma ya pazia ananoa.

Katika miaka hiyo mitatu ndipo Ryosei alipoanza kushinda, na ndipo alipoanza kuleta viatu ambavyo havikuhitaji kunolewa, ilimradi apate sababu ya kufika. Chizuru alijua. Alikuwa akipeleka chai mbele ya duka, macho yao yanakutana juu ya kikombe, na yeye anasahau alichokuja kufanya. Miezi kumi na minne walikuwa wakipendana. Siku zote alijiahidi kumwambia ukweli wa duka, na siku zote akajipa kesho.

“Amefanyaje?” Mzee Tokuji aliuliza pale jukwaani, uso umemng’aa. “Nimesikia watu wameguna.”

“Ameteleza kidogo, baba.”

“Dakika sita si shindano. Wacha ateleze huko, ayamalize.” Mzee alikuwa anakula tonge la wali lililofungwa kwa mwani, na siku hiyo alikuwa na furaha ya ajabu, ya mtu anayeficha zawadi mgongoni. Alitafuna, akameza, akasogeza kichwa. “Nikuambie kitu? Nilisema nisikuambie mpaka jioni, lakini kinanikereketa. Asubuhi alikuja pale kwenye nyumba ya wageni tulikofikia. Ulikuwa umekwenda kupanga foleni ya kutundika bango.”

Chizuru alikuwa kwenye foleni ile tangu alfajiri na mashabiki wengine, kila mmoja na bango lake la kitambaa alilolishona mwenyewe, wakisubiri mlango ufunguliwe. Huo ndio utaratibu wa watu wa michezo hii na hakuna anayeuvunja.

“Nani alikuja, baba?”

“Ryosei, nani tena. Alipiga magoti mkekani, rasmi kabisa, paji la uso chini. Akasema baada ya shindano ana ombi zito kwangu. Akasema kabla ya hilo anataka nipitishe mkono wangu juu ya visu vyake, mara moja tu, mkono wangu mwenyewe, kama baraka.” Sauti ya mzee ililegea. “Ningemwambiaje hapana, Chizu? Kijana anakuja kukuposa, anakuomba jambo dogo hilo. Nilikuwa na jiwe dogo la kunolea mfukoni. Nikalipitisha. Mkono unakumbuka, mwanangu. Mkono haujasahau kitu.”

 Kijana yule, kwa heshima tu, kwa adabu aliyofunzwa tangu utotoni, alikuwa amekwenda kumkabidhi kipofu mguu wake. Na mguu wenyewe ni ule wa kulia, uliofungwa skrubu mbili mwaka juzi. Daktari aliyeufunga alimwambia mbele ya Chizuru kwamba ukivunjika tena pale, asahau kucheza, na kutembea sawasawa pia asikutegemee.

Akasimama. Akamwambia baba yake anakwenda chooni.

“Usichelewe,” mzee akasema. “Ukichelewa nani atanigusa kiwiko?”

Hilo nalo ni la kueleza. Tangu Ryosei akiwa mtoto, kabla ya kuanza kucheza alikuwa akitazama juu jukwaani, na Mzee Tokuji alikuwa akinyoosha dole gumba, lile ambalo alipimia makali kwa kukwaruza ukucha. Maana yake, visu viko sawa, ruka. Bila dole lile Ryosei hakuwahi kuruka hata mara moja. Mzee alipopoteza macho, Chizuru akawa anamgusa kiwiko kwa siri: mguso mmoja akiwa kushoto, miwili akiwa katikati, mitatu akiwa kulia. Mzee anageuka, ananyoosha, na dunia nzima inaamini anaona.

Chini, kwenye ujia wa kuendea vyumba vya wachezaji, mlinzi mwenye kitambaa mkononi alimsimamisha kwa upole na hakutaka kusikia habari zaidi. Chizuru alikuwa bado anamsihi wakati Bi Kinuyo alipotokea.

Bi Kinuyo ndiye mama yake Ryosei, na ndiye pia mwalimu wake. Alimvalisha mtoto viatu vya barafu akiwa na miaka mitano, akamzika mume huku akimfundisha mtoto kuruka, na hajawahi kupaza sauti maishani mwake kwa kuwa hajawahi kuihitaji. Mwaka uliopita Chizuru alimpelekea boksi la keki za kokwa za chestinati. Siku ya pili likarudi boksi jingine, la duka jingine, lenye bei ileile, na kadi ya shukrani isiyokuwa na neno moja la ziada. Kwa watu wa kule huo ni mlango umefungwa. Walipokutana tena, Bi Kinuyo alitazama vidole vya Chizuru, vyenye weusi usiotoka kwenye kucha, akageuza macho kwa aibu aliyomwonea.

“Kundi limeshaanza, binti,” alisema. “Rudi ukakae.”

Chizuru aliinama mpaka nywele zikamfunika uso. “Mama, nakuomba Ryosei asiruke leo. Kisu cha kulia hakiko sawa.”

“Nani kasema?”

“Nimeona. Ameteleza mara mbili kwa namna moja.”

“Mwanangu anateleza tangu hajaota meno ya ukubwani. Visu vimetoka kwa baba yako. Unataka kuniambia baba yako hajui kazi yake?”

Hapo ndipo Chizuru alipofika mahali ambapo miaka mitatu alipakwepa. Alifikiria kile kiduka, na jina la mzee lililochorwa kwa brashi juu ya mlango. Alifikiria pia mguu uliofungwa skrubu mbili.

“Baba haoni, mama.”

Bi Kinuyo hakutikisika. Alikuwa anavaa glavu, akaacha katikati.

“Tangu lini?”

“Mwaka wa tatu huu.”

“Na aliyekuwa akinoa?”

“Ni mimi. Lakini leo asubuhi Ryosei alimpelekea baba, akamwomba apitishe mkono. Hakujua. Kwa heshima tu, mama, hakujua.”

Bi Kinuyo aliteremsha macho kwenye vidole vya Chizuru, vilevile vilivyomtia aibu mwaka jana, akavitazama kwa muda mrefu. Akasema kwa sauti ya chini, “Kumbe.” Kisha akamalizia kuvaa glavu.

Chizuru alidhani sasa atakimbia kumwambia mwanawe. Akangoja. Bi Kinuyo hakukimbia.

“Visu haviwezi kunolewa upya kwa nusu saa,” alisema. “Hilo unalijua kuliko mimi. Basi nikimwambia, atakwenda na hofu. Na mimi nimeona wengi, binti. Anayeruka na hofu huruka nusu, na anayeruka nusu ndiye anayevunjika. Asiyejua hutua.”

“Hatatua, mama. Naapa hatatua.”

“Miaka ishirini na miwili nimeingojea siku hii. Hutakuja wewe kuniondolea kwa sababu ya uongo wenu.” Akasogea karibu, akamwekea Chizuru mkono begani, na yeyote aliyewaona alidhani anambembeleza. “Akianguka, nitajua nani kamwangusha. Asipoanguka, sitaki kukuona tena mlangoni kwangu. Rudi kwa baba yako.”

Akamwomba mlinzi, kwa adabu zote, amsindikize binti huyu mpaka kwenye ngazi.

Chizuru alipanda zile ngazi. Akakaa. Baba yake akamtania kwamba huko chooni alikwenda kukijenga au kukitumia. Upande wa pili wa mzee alikaa Bi Fusae, bibi mmoja wa Sendai mwenye darubini shingoni, shabiki aliyewahi kuikosa harusi ya mpwa wake kwa sababu iliangukia siku ya shindano. Alikuwa na mdoli wa sungura magotini, wa kumtupia Ryosei barafuni akimaliza, amemfunga kwenye mfuko wa plastiki na kubana kwa utepe wa gundi mara nne, maana manyoya yakidondoka uwanjani ni hatari kwa miguu ya watoto, alisema. Alimwonyesha Chizuru jinsi alivyofunga. Alikuwa amehangaika usiku mzima asije akamwangusha mtu kwa unyoya mmoja. Chizuru aliinamisha kichwa kukubali na machozi yakamlengalenga.

Wachezaji watano wakapita. Alama zikasomwa. Ryosei alihitaji miruko yake minne tu itimie, awe bingwa.

“Baba,” Chizuru alianza, “leo tusi...”

Jina la Ryosei likatangazwa, na kelele zikafunika maneno yake.

Aliingia amevaa nguo nyeusi. Ukingoni Bi Kinuyo alimshika mikono yote miwili, akamwambia jambo fupi, akamwachia. Chizuru alimchungulia usoni kama kuna habari amepewa. Hapakuwa na kitu. Alikuwa mtulivu, mwenye furaha hata, kijana ambaye jioni ana posa ya kupeleka. Mama yake hakumwambia.

Ryosei akateleza polepole hadi katikati ya uwanja. Akasimama. Akainua macho jukwaani, mstari wa tano, pale alipopazoea.

Macho yao yakakutana. Alimtabasamia Chizuru kidogo sana, pembeni mwa mdomo, tabasamu la juu ya kikombe cha chai. Chizuru alimpenda wakati ule mpaka kifua kikamuuma. Alichotakiwa kufanya ni kumgusa baba yake kiwiko mara mbili. Mzee angenyoosha dole, jina la duka lingebaki, siri ingebaki, na huenda, nani ajuaye, huenda akatua.

Akaiingiza mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.

“Bado hajaingia?” mzee akanong’ona.

“Bado, baba.”

Watu elfu sita walinyamaza kama wanavyonyamaza kule, mpaka unasikia mashine za baridi zikivuma. Ryosei alikuwa bado anatazama. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Kule kaunta ya muziki waliona amesimama, wakangoja ishara yake.

Bi Fusae ndiye aliyeharibu, masikini, kwa wema. Alijua habari za dole gumba, mashabiki wote wazee walizijua. Aliteremsha darubini, akainama sikioni kwa mzee. “Fundi, mbona leo unamnyima? Kijana anakutazama.”

Mzee Tokuji alishtuka. Alijua binti yake hajamgusa. Akageuza uso kumwelekea Chizuru, akangoja, hakupata kitu. Basi akafanya alichoweza. Kwa hesabu yake, kama Chizuru amesema bado, kijana atakuwa mlangoni tu, upande wa kushoto. Akanyoosha mkono wake juu, dole gumba limesimama, akatabasamu kwa meno yote kuelekea kushoto. Pale mlangoni hapakuwa na mtu isipokuwa Bi Kinuyo.

Ryosei aliliona dole. Aliona linakoelekea. Alimtazama mzee anavyouchekea mlango badala yake, na Chizuru akaona jinsi habari ile ilivyoingia polepole usoni mwake, kisha ikashuka hadi kwenye mguu wake wa kulia. Akamtazama Chizuru. Chizuru akatikisa kichwa. Hapana. Usiruke.

Ryosei akatoa ishara, na muziki ukaanza.

Alikwenda kinyumenyume kwa kasi, akazunguka ncha ya uwanja, akafika mahali pa mruko wa kwanza, ule wa mizunguko minne. Bi Fusae alimkumbatia sungura wake. Mahali pakapita. Ryosei aliufungua mwili tu, akateleza kwa mguu wa kushoto, mikono imetanda. Jukwaa zima likashusha pumzi kwa huzuni. Mahali pa pili pakapita vilevile. Pale ukingoni Bi Kinuyo alikuwa ameshika ubao kwa mikono miwili, hamtazami mwanawe tena, anautazama mstari wa tano.

“Sisikii kutua,” Mzee Tokuji alisema. Alikuwa bado ameinua mkono. “Mruko wa kwanza umepita, wa pili umepita. Sisikii kutua, Chizu.”

“Haruki, baba.”

“Kwa nini?”

Chizuru angeweza kusema mguu unamuuma. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, wa miaka mitatu, laini kwa mazoea.

“Kisu cha kulia. Kingo hazilingani.”

Mzee alisikiliza. Uwanjani Ryosei alipita karibu na upande wao, na kisu cha kulia kikakwaruza badala ya kunong’ona. Ilikuwa sauti ndogo, ambayo kati ya wale watu elfu sita wawili tu waliweza kuielewa. Mzee aliielewa. Mkono wake ukabaki hewani, na Chizuru akaushika, akaushusha taratibu hadi mapajani.  Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa lile jiwe la kunolea, limefungwa kitambaa cha pamba alichokifua mwenyewe, akaliweka juu ya magoti ya binti yake.

Muziki ulipokwisha, makofi yalikuwa ya heshima, ya watu wanaompa mtu pole. Maua machache yaliyofungwa plastiki yakaanguka barafuni. Bi Fusae alilia waziwazi, akamtupa sungura, hakufika mbali.

Ryosei aliinama mbele ya waamuzi. Aliinama upande wa pili, na wa tatu, kwa haraka, kama wote wanavyofanya. Kisha akaja upande wao. Akasimama mbele ya mstari wa tano, akabana miguu, akaweka mikono pembeni ya mapaja, akainama mpaka mgongo ukalala.

Mtu wa kule anajua kuinama. Kuna kwa ahsante, na kuna kwa kuomba radhi, na kuna kwa kuagana na mtu usiyetaka kumwona tena, na tofauti iko kwenye muda tu, kwa mpangilio huohuo, kutoka mfupi hadi mrefu. Chizuru alianza kuhesabu bila kutaka. Ukingoni, Bi Kinuyo alikuwa ameondoka kwenye ubao. Hatua zake zilianza kusikika kwenye ngazi za jukwaa, visigino vigumu, bila haraka.

“Anafanya nini?” Mzee Tokuji aliuliza.

“Ameinama, baba.”

“Kwetu?”

“Kwetu.”

Mzee alingoja. Midomo yake ilikuwa inatikisika, naye anahesabu.

“Ameinuka?”

Chizuru alilishika jiwe kwa mikono miwili. Hatua za ngazini zilikuwa zimefika mstari wa tatu.

“Bado, baba,” alisema. “Bado ameinama.”